Mzee Mbele ya Picha: Sanaa na Ugonjwa wa Kusahau katika Mji Usio na Jumba la Sanaa



Hoja nitakayoitetea hapa Kalemie huenda ikawashangaza wengi: kwamba mzee aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau, yule ambaye watu wa nyumbani wamekwisha kusema kuwa amerudi utotoni, anafaa kupelekwa kuangalia sanaa. Sisemi hivyo kwa ajili ya kumponya. Hakuna picha inayoponya ugonjwa huo, na mpaka leo hakuna dawa inayouponya. Anafaa kupelekwa kwa sababu sanaa, ikiwekwa mbele yake na mtu anayejua kuuliza, humrudishia kitu ambacho ugonjwa haujakichukua bado lakini sisi tumekwisha kumnyang'anya, yaani nafasi ya kusema neno lake mbele ya watu na neno hilo likasikilizwa. Naongeza jambo la pili, na hilo ndilo linaloifanya mada hii istahili mji usio na jumba la sanaa: kazi hiyo haihitaji jumba. Sanaa ya pande zetu, kuanzia mwambao huu wa ziwa mpaka Katanga ya kusini, ilikuwa ikitumika kwa kuguswa, kuulizwa na kuzungumziwa muda mrefu kabla ya majumba ya New York na London kufikiria kuwaalika wagonjwa.

Kwanza tuuondoe uvumi kwamba huu ni ugonjwa wa Ulaya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia (jina la kitaalamu la ugonjwa huu), na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba mjini Bangui na Brazzaville mnamo 2008 na 2009 waliwachunguza wazee wa miaka 65 na zaidi, wakaukuta kwa asilimia 8.1 yao katika mji wa kwanza na asilimia 6.7 katika mji wa pili. Ng'ambo ya ziwa letu, katika wilaya ya Hai chini ya Mlima Kilimanjaro, makadirio yalikuwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi. Huko Hai watafiti waliwauliza pia wanakijiji wanalielewaje jambo hilo. Wengi walisema ni uzee tu; wengine walitaja laana na uchawi. Majibu hayo hayana matokeo sawa. Anayesema ni uzee hampeleki mgonjwa popote, basi mgonjwa anakaa nyuma ya nyumba na mazungumzo yanaendelea bila yeye. Anayesema ni uchawi anaweza kumpeleka pabaya zaidi: katika Usukuma, kusini mwa Ziwa Victoria, vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, na hakuna mtu katika ukumbi huu atakayesema kwamba huku kwetu tuhuma hizo hazijulikani.

Sasa, ugonjwa unachukua nini na unaacha nini? Katika Alzaima, ambayo ndiyo aina iliyoenea zaidi, sehemu ya ubongo inayopokea na kutunza mambo mapya huathirika mapema. Ndiyo maana mzee anauliza swali lile lile mara tano kabla uji haujapoa, ilhali bado anaweza kukutajia vituo vya treni kimoja kimoja, kutoka hapa, apite Nyunzu, mpaka Kabalo. Mambo ya ujana hudumu kuliko ya juzi. Ustadi wa mikono hudumu kuliko majina: mtu aliyeshona nyavu maisha yake yote, ukimpa sindano na uzi, vidole vyaweza kuanza kazi ambayo kinywa kimeshindwa kuieleza. Hisia nazo hudumu kuliko habari. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzaima vipande vya filamu za huzuni, kisha vya furaha. Baada ya muda mfupi wagonjwa walikuwa wamesahau sana walichokiona, lakini huzuni au furaha waliyoipata ilikuwa bado imewakaa moyoni. Utafiti huo unajibu mapema lile swali la haraka, "Kuna faida gani, ikiwa kesho hatakumbuka kwamba alikwenda?" Habari ya safari itapotea, ndiyo. Utulivu wake unaweza kubaki kwa muda baada ya habari kupotea, na mlezi aliyekwisha kulala usiku pamoja na mgonjwa mwenye wasiwasi anajua muda huo una thamani gani.

Jumba lililoifanya kazi hii ijulikane duniani ni lile la sanaa za kisasa la New York, linaloitwa MoMA. Mwaka 2006 lilianzisha mpango wa kuwapokea watu wenye Alzaima pamoja na walezi wao, mara moja kwa mwezi, siku ya Jumanne, ambayo wakati huo jumba lilikuwa limefungwa kwa watu wengine. Angalieni jinsi mpango ulivyopangwa, maana ndani ya mpangilio huo ndimo ilimo hekima yake. Hakuna msongamano. Hawatembezwi kuona mamia ya picha. Wanakaa kwenye viti mbele ya kazi nne au tano tu, kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Mwongozaji hatoi somo. Anawaacha waangalie kwanza, halafu anauliza: mnaona nini? Mtu huyu amevaa nini? Mnadhani anakwenda wapi? Mlezi, awe mke, mume au binti, anaulizwa sawasawa na mgonjwa, na mara nyingi anashangaa kusikia jibu la mwenzake. Hakuna anayeulizwa picha ilichorwa mwaka gani.

Je, inasaidia kweli? Hapa sharti tuseme ukweli wote, maana waliopenda mpango huu wameusifu kupita kiasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliwapa washiriki wa MoMA picha za nyuso, kuanzia uso wenye huzuni mpaka uso unaocheka, wachague ulio kama hali yao kabla ya ziara na baada yake. Wagonjwa na walezi, pande zote mbili, walitoka wakiwa na moyo mwepesi kuliko walivyoingia. Vizuri, lakini mtu yeyote aliyetoka matembezini asubuhi nzuri angeweza kusema hivyo. Uingereza walijaribu kwa undani zaidi. Katika utafiti uliochapishwa 2014, watu 24, nusu wagonjwa na nusu walezi, walikwenda kwa wiki 8 katika jumba la Dulwich la London, lenye picha za kale, au katika jumba la sanaa za leo mjini Nottingham. Waliangalia, kisha wakachora wenyewe. Vipimo rasmi havikuonyesha mabadiliko ya maana. Mahojiano ndiyo yaliyoonyesha: watu walisema wamejiona tena kuwa watu kati ya watu, na walezi walisema wamemwona mgonjwa wao kwa macho mengine. Mwaka 2017 ukatoka utafiti mwingine, wa watu 66, uliolinganisha mambo matatu ndani ya makumbusho: kushika vitu vya kale kwa mikono, kuangalia sanaa, na kunywa chai huku mkipiga soga. Kushika na kuangalia vyote viwili viliinua hali ya moyo kuliko chai.

Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: sanaa haigusi ugonjwa, inagusa mazungumzo. Na tofauti iliyopo kati yake na chai inatufundisha kwa nini. Mazungumzo ya kawaida humdai mgonjwa kile hasa alichopoteza. Ulikula nini? Nani alikuja jana? Mjukuu huyu anaitwaje? Kila swali ni mtihani, na kila mtihani anaushindwa mbele ya watoto wake, hata mwishowe ananyamaza, nasi tunakiita kimya hicho ugonjwa. Swali la "unaona nini?" halina deni la jana. Jibu lake liko mbele ya macho, na mwenye kumbukumbu njema hana ubora wowote juu ya asiyenayo. Fikirieni mtihani wa hospitali, ambamo mzee huulizwa: tuko mji gani? Mzee wa hapa akijibu Albertville, anakatwa alama. Lakini mji huu uliitwa Albertville mpaka 1966, na aliyezaliwa 1945 alikwenda shule, akabatizwa na pengine akapata kazi yake ya kwanza katika mji wenye jina hilo. Mbele ya picha ya bandari ya zamani, jibu lile lile lililomnyima alama linakuwa ushahidi, na vijana waliomzunguka hawana budi kumsikiliza.

Wapo watakaosema kwamba yote hayo ni mambo ya nchi tajiri. Basi turudi Hai. Huko kipimo cha kutambua ugonjwa kilitengenezwa upya kwa ajili ya watu ambao hawakusoma: badala ya kumwambia mzee achore umbo kwa kalamu ambayo hajawahi kuishika, wanampa njiti za kibiriti apange mfano wa umbo alioonyeshwa. Kisha wakajaribu tiba ya vikundi, yenye mikutano 14 ya michezo, vitu, nyimbo na mazungumzo, ambayo asili yake ni Uingereza lakini ilirekebishwa ifuate maisha ya kijijini. Katika utafiti uliochapishwa 2017, wagonjwa 34 waliopitia mikutano hiyo walipata nafuu katika uwezo wa kufikiri na katika wasiwasi. Watu 34 ni wachache, na haifai kujenga mnara juu yao. Hata hivyo matokeo hayo yanatosha kuthibitisha jambo moja: kuwakusanya wazee wenye kusahau, kuwawekea vitu mbele yao na kuzungumza nao kwa utaratibu kunawezekana katika kijiji chetu cha Kiafrika, kwa lugha yetu, bila mashine.

Nikisema sanaa yetu ilikwisha kujua kazi hii, sitaki kusema kwa majivuno matupu, kwa hiyo nitachukua kitu kimoja na kukitazama kwa karibu. Waluba, ambao katika jimbo letu wako Manono na Kabalo na ambao ufalme wao ulikuwa magharibi zaidi, walikuwa na kibao kinachoitwa lukasa. Ni ubao wa mti unaoenea mkononi, mwembamba katikati, uliopigiliwa shanga na vipande vya simbi, au kuchongwa alama. Mwenye kukitumia alikuwa mtu wa chama cha Mbudye, chama kilichotunza habari za wafalme. Alikishika kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kulia akapita juu ya shanga moja baada ya nyingine: hii kubwa iliyozungukwa na ndogo ni mtawala na watu wake, mstari huu ni njia waliyopita, hapa ni mahali patakatifu. Kidole kikisogea, kinywa kinasimulia habari za mwanzo wa ufalme: za Nkongolo, za Mbidi Kiluwe, za Kalala Ilunga. Na masimulizi hayakuwa yale yale kila siku. Shanga zilibaki mahali pake, lakini msimulizi alichagua njia kati yake kufuatana na shauri lililokuwa mbele yake na watu waliokuwa wakimsikiliza.

Mtu makini atanikatiza hapa: lukasa ilikuwa ya mabingwa waliofundishwa miaka mingi, tena kwa siri, mgonjwa asiyejua jina la mwanawe ana uhusiano gani nayo? Pingamizi hilo ni la haki, na sisemi kwamba Mbudye walikuwa wauguzi. Ninachokichukua kwao ni namna yao ya kufanya kazi. Kwanza, kumbukumbu haikuwekwa yote kichwani mwa mtu mmoja. Iligawanywa kati ya mti, kidole, kinywa na masikio ya waliokaa. Pili, kitu cha sanaa hakikuwa kamili mpaka kiguswe na kusimuliwa. Watu waliozoea kumbukumbu ya namna hiyo hawapaswi kuona ajabu mtu mmoja akishindwa na kitu kikamsaidia, wala wengine wakimalizia alipoachia. Ajabu ni ile desturi ngeni ya kumdai kila mtu abebe ya kwake peke yake, na akishindwa aondolewe barazani. Mwaka 1996, miaka 10 kabla ya MoMA kuanza, sanaa ya kumbukumbu ya Waluba ilionyeshwa katika mji ule ule wa New York, katika maonyesho makubwa ya Mary Nooter Roberts na Allen Roberts. Huyu wa pili alikuwa amefanya utafiti wake hapa kwetu, kati ya Watabwa wa kusini mwa Kalemie. Vibao hivyo viliwekwa ndani ya vioo. Waliokwenda kuviona hawakuruhusiwa kuvigusa, jambo ambalo makumbusho yana sababu zake za kulifanya, lakini ni kama kumwonyesha mtu ngoma na kumkataza kuipiga.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na umri wa wazee tulionao, na kwa kazi yetu unafaa kuliko lukasa. Katika miaka ya 1960 na 1970, nyumba za wafanyakazi katika miji ya Katanga zilikuwa na picha ukutani, zilizochorwa na wachoraji wa mtaani juu ya vitambaa vya magunia ya unga na kuuzwa kwa bei ya mfanyakazi. Ziliitwa ukumbusho. Masomo yake yanajulikana: mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki anayeleta mali na balaa, kijiji cha bankambo, yaani mababu, na ile inayoitwa Colonie belge, ambamo mfungwa amelazwa chini anapigwa fimbo na askari mweusi, mtawala mweupe anaangalia, bendera ya Ubelgiji iko juu ya mlingoti, na wanawake wamesimama wamebeba chakula. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliozichunguza picha hizo wakati huo, waliona kwamba hazikutundikwa kwa ajili ya urembo peke yake. Zilikuwa za kuanzisha hadithi: mgeni anakaa, anatupa jicho, anauliza, na baba mwenye nyumba anaanza. Mchoraji mmoja wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, kati ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi katika picha takriban 100, akazieleza moja moja kwa Kiswahili, na maelezo yake yakarekodiwa. Picha hizo leo ziko Amsterdam. Mzee wa miaka 75 leo alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu wakati ukumbusho uliponunuliwa na baba yake au na yeye mwenyewe. Hakuna haja ya kumtafutia Picasso. Mwekee mamba muntu mbele yake, umuulize kama huyu mwanamke anaaminika, halafu unyamaze umpe muda.

Lubumbashi wamekwisha kutuonyesha pia jinsi makumbusho yanavyoweza kuacha kungoja vitu vya wafalme. Mwaka 2000 ulianza huko mradi uitwao Mémoires de Lubumbashi, ambao mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni mmoja wa nguzo zake. Wakazi wa mji walihojiwa kuhusu maisha yao, vitu vya nyumbani vikakusanywa, na maonyesho yakafanyika katika jumba la makumbusho la mji. Haukuwa mradi wa wagonjwa. Lakini sehemu ngumu zaidi ya kazi, yaani kukubali kwamba pasi ya mkaa ya mama wa kambi ya wafanyakazi ina haki ya kuonyeshwa, imekwisha kufanywa. Huko Liverpool, Uingereza, makumbusho ya taifa yalipoanza mpango wake wa House of Memories mwaka 2012, nayo yalijenga juu ya vitu kama hivyo, vya jikoni na vya kazini, na yakawafundisha hasa walezi jinsi ya kuvitumia.

Nije kwenye pingamizi kubwa. Katika jimbo ambalo vita kati ya makundi ya Watwa na Waluba vimefukuza watu vijijini mwao tangu 2013, ambalo kambi za wakimbizi wa ndani zimeuzunguka mji wake mkuu, na ambalo maji ya ziwa yamepanda yakaingia nyumbani mwa watu, nani ana haki ya kuzungumzia picha? Dawa za presha hazipatikani kwa urahisi, na presha isiyotibiwa yenyewe huzaa kiharusi na aina moja ya demensia. Nakubali kila neno la pingamizi hilo isipokuwa hitimisho lake. Fedha za dawa zisiguswe hata faranga moja. Lakini kazi ninayoipendekeza haishindani na dawa kwa sababu hailipiwi kutoka mfuko huo. Inahitaji chumba, viti, vitu vinne na mtu mvumilivu. Na mkimbizi mzee anaihitaji kuliko mzee wa mjini. Mwenye demensia aliyebaki nyumbani kwake bado anaongozwa na mlango aliouzoea, jiko, mwembe wa uani, njia ya kisimani. Vitu hivyo vinamkumbusha bila kuulizwa. Aliyekimbia usiku na kulala chini ya turubai amenyang'anywa vyote kwa mara moja, na ndipo kuchanganyikiwa kwake kunapozidi ghafla, na majirani wa kambini, ambao hawakumjua alipokuwa mzima, wanaanza kunong'ona.

Pingamizi la pili linatoka makanisani, na si la kudharau. Sanamu za mababu zina historia nzito hapa. Mwaka 1884 watu wa Emile Storms, yule ofisa Mbelgiji wa Mpala, walimuua mtawala Lusinga. Kichwa chake kilipelekwa Ubelgiji, na sanamu ya mababu zake leo iko huko huko, katika makumbusho ya Tervuren. Baadaye Wakristo wengi walifundishwa kuziogopa au kuzichoma sanamu za namna hiyo. Kumwekea mama mzee wa parokia kitu ambacho maisha yake yote ameambiwa ni cha shetani hakutamfurahisha, kutamtia hofu, na hisia, kama tulivyoona, zaweza kubaki hata sababu yake ikisahauliwa. Jibu langu ni kwamba tusianze huko. Kuna karabai ya wavuvi wa usiku. Kuna kitambaa kilichofumwa na Filtisaf, kiwanda cha nguo kilichoajiri baba na kaka wa wengi wenu. Kuna kofia ya mfanyakazi wa reli, kuna cherehani, kuna kikapu cha Kitabwa chenye safu za pembetatu. Msanifu wa safu zile hakuwa na ustadi mdogo kuliko wachoraji wa Dulwich, na kikapu kina faida moja ambayo picha haina: kinashikika.

Lile la tatu ndilo linalonipa shida. Kumbukumbu nyingine ni kidonda. Albertville ilitekwa na waasi mwezi wa sita 1964 na kurudishwa mikononi mwa serikali mwishoni mwa mwezi wa nane, na kabla ya hapo ilipita miaka ya Katanga kujitenga, na baada ya hapo vita vingine. Picha ya Colonie belge ina fimbo na mgongo ulio wazi. Mgonjwa anayeona askari kwenye picha anaweza asijue tena kwamba ni picha. Hatari hiyo ipo na haiondolewi kwa maneno matamu. Inapunguzwa kwa kumwuliza mlezi kabla, kwa kuanza na picha zisizo na silaha, na kwa kukubali kuifunika picha mara moja uso wa mtu unapobadilika. Lakini sikubali kwamba kila huzuni ni madhara. Mzee akilia mbele ya picha ya treni kwa sababu kaka yake alipanda treni hiyo asirudi, amelia kwa jambo la kweli, na safari hii kuna mtu pembeni yake anayejua analilia nini. Nyumbani hulia vile vile, ila hakuna anayejua sababu.

Kuna wanaosema kwamba sisi hatutupi wazee, jamaa inatosha. Jamaa, kwa kweli, ni binti mmoja au mke mmoja aliyechoka. Mpango huu ni wake pia. Hapo ndipo anapopata saa moja ya kukaa karibu na mtu wake bila kumwogesha wala kumkataza.

Basi nini kifanyike? Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu 84,000 vilivyoko Tervuren, na mjadala wa kurudishwa kwake utachukua miaka. Wazee wenye kusahau hawana miaka ya kungojea. Jumba jipya la taifa lililofunguliwa Kinshasa 2019 kwa msaada wa Korea Kusini liko mbali na hapa kiasi kwamba hata mtu mzima anaifikiria safari hiyo mara mbili. Tuanze na tulichonacho. Ukumbi wa parokia, au darasa la Chuo Kikuu cha Kalemie siku isiyo na masomo. Wagonjwa sita na walezi sita, si zaidi. Asubuhi, kabla ya joto, kwa sababu jioni wengi wao huchanganyikiwa zaidi. Mchoraji mmoja wa mjini atuchoree upya masomo ya ukumbusho kwa ukubwa unaoonekana na macho yenye mtoto wa jicho. Mwanafunzi wa uuguzi aongoze baada ya kufundishwa mambo matatu: kuuliza kinachoonekana, kutosahihisha, kungoja. Baada ya miezi sita tuwaulize walezi, tena tuyaandike majibu yao yote, hata yale yasiyotupendeza.

Na nyinyi mlioko hapa, ambao katika nyumba zenu bado kuna picha ya gunia iliyochakaa, karabai isiyowaka au kofia ya reli ya kambo wenu: msiwauzie wachuuzi wanaopita. Vileteni vitumike, na mlete wazee wenu pamoja navyo.